SHUBIRI MOJA RAMANINI: Mwendo wa Angani Kati ya Lodwar na Wajir

Katika ofisi yetu hapa Kikima, juu ya vilima vya Mbooni, kuna ramani kubwa ya Kenya iliyobandikwa ukutani nyuma ya meza yangu. Pembe zake zimekunjamana, na mahali ilipoandikwa Nairobi pamechakaa kwa kuguswa na vidole vya watu wengi. Upande wa kaskazini wa ramani hiyo ungali mpya kabisa. Watu wa kwetu huuliza habari za Machakos, Wote, Nairobi na Mombasa. Ni mara chache mtu kuinua kidole chake kupita Isiolo.

Asubuhi moja ya Jumatatu aliingia mama mmoja jirani yangu, mkulima wa mahindi na maharagwe ambaye shamba lake la matuta liko ng'ambo ya bonde. Hakuketi. Alisimama mbele ya ramani akaniambia, "Mwanangu, nionyeshe Lodwar." Nikamwonyesha. "Sasa nionyeshe Wajir." Nikamwonyesha pia. Akaweka mkono wake juu ya karatasi, kidole gumba Lodwar, akaunyosha mpaka kidole cha mwisho kikakaribia Wajir, akanigeukia. "Si shubiri moja tu hii na vidole viwili? Basi mwandikie mwanangu aende kwa dada yake kesho."

Kisa chake kilikuwa hiki. Binti yake ni mwuguzi katika mji wa Lodwar. Jumapili usiku alikuwa amepasuliwa kwa ugonjwa wa kidole tumbo kilichopasuka ndani, na hakuwa na ndugu hata mmoja wa kuketi naye. Mwanawe wa kiume ni fundi wa mitambo ya visima, naye kazi yake iko Wajir. Wote wawili, kwa fikira za mama, walikuwa "huko kaskazini". Na watu walio mahali pamoja hutembeleana. Kijana alikuwa amepewa ruhusa ya siku nne.

Nami nikadhani jambo hilo ni jepesi. Nikamwambia, "Mwaitu, ngoja nipime." Nikachukua uzi wa kushonea majalada, nikaupachika kwa pini Lodwar na Wajir, kisha nikaulaza juu ya rula. Ulikuwa sentimita 26. Kila sentimita moja ya ramani yetu ni kilomita 20 za nchi, kwa hiyo mwendo ni kilomita 520, ambazo ni maili 323 za zamani, zile wazee wetu wanazozijua.

Kwa kuwa sikuuamini uzi sana, niliporudi nyumbani jioni nilifanya hesabu ile ile kwa njia nyingine, na hapa nitaieleza, kwa maana mkulima yeyote mwenye mtoto aliye katika shule ya sekondari aweza kuifanya naye mezani baada ya chakula. Dunia imegawanywa kwa mistari ya latitudo na longitudo. Kila digrii ina dakika 60, na dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Marubani hutumia maili hiyo hiyo ya mabaharia, ingawa chini yao hakuna bahari. Uwanja wa ndege wa Lodwar uko digrii 3 na dakika 7 kaskazini ya Ikweta, na digrii 35 na dakika 37 mashariki. Ule wa Wajir uko digrii 1 na dakika 44 kaskazini, na digrii 40 na dakika 5 mashariki. Basi Wajir iko chini ya Lodwar kwa dakika 83, na mashariki yake kwa dakika 268. Chora pembetatu yenye pembe mraba, upande mmoja 83, wa pili 268, kisha utafute ule upande mrefu kwa kanuni ya Pythagoras tuliyokaririshwa na mwalimu wa misheni mpaka tukaiota usingizini. Jibu ni maili za baharini 280 na kitu. Zidisha kwa 1,852, utapata kilomita 520 kasoro kidogo tu. Uzi wa majalada haukuwa mwongo.

Mwenye elimu atanikumbusha ya kwamba dunia ni mviringo, wala pembetatu ya karatasi haimfai rubani anayevuka kutoka London hadi Tokyo. Ni kweli. Walakini sisi tumebahatika kukaa karibu na Ikweta, mahali ambapo digrii za longitudo hazijaanza kubanana. Katika mwendo huu kosa la hesabu yangu halifiki hata maili moja.

Tena nilipoutazama ule uzi juu ya ramani niliona jambo lililonifurahisha. Mstari ulionyooka kutoka Lodwar hadi Wajir hauendi ovyo. Unakata Ziwa Turkana upande wake wa kusini, ziwa ambalo kabla ya mwaka 1975 liliitwa Rudolf. Unatua ng'ambo karibu kabisa na Loiyangalani, kijiji chenye chemchemi na mikoma. Unapanda juu ya mlima Kulal, wenye kimo kinachozidi mita 2,200. Kisha unapita kilomita chache tu kaskazini ya mji wa Marsabit na msitu wake wa mlimani. Na kutoka hapo ni nchi tambarare na kavu, miiba na mchanga, mpaka kwenye visima vya Wajir. Ingekuwapo ndege ya kupita njia hiyo, abiria angeiona nusu ya kaskazini ya nchi yetu kwa nauli moja.

Ingekuwapo, nasema, kwa maana siku ya Jumanne nilipopiga simu kwa watu wa tiketi nilijibiwa kwa mshangao. Katika ratiba zote nilizosomewa juma lile hapakuwa na ndege ya abiria itokayo Wajir kwenda Lodwar moja kwa moja. Ya Wajir yaja Nairobi. Ya Lodwar yatoka Nairobi. Atakaye kwenda kutoka mji mmoja hadi mwingine sharti ashuke kwanza mpaka Nairobi, kisha apande tena. Nikarudi kwenye ramani na uzi wangu. Kutoka Wajir hadi uwanja wa Wilson ni yapata kilomita 500; kutoka Wilson hadi Lodwar ni kilomita 510 na kidogo. Jumla ni kilomita 1,010, karibu maradufu ya ule mwendo wa shubiri moja. Na kwa kuwa ndege ya kwanza ilikuwa ifike Nairobi baada ya ile ya Lodwar kwisha kuondoka, kijana angelala mjini usiku mmoja, na vivyo hivyo katika kurudi. Ruhusa yake ya siku nne ingeliwa na safari, akabaki na siku moja na nusu ya kumtazama dada yake.

Mtu wa Mbooni hapaswi kushangaa sana. Mimi nikisimama mlangoni pangu naweza kumwona yule mama akipalilia ng'ambo ya bonde, hata naweza kumwita akaitika. Lakini nikitaka kumpelekea jembe lake hunibidi nishuke mpaka mtoni, nifuate njia hadi darajani, kisha nipande upya. Njia hufuata mahali watu wengi wanapokwenda. Wajir na Lodwar hazina biashara kubwa kati yao. Watu wa Wajir wengi ni Wasomali, wafugaji wa ngamia, na biashara yao yaelekea Nairobi, Garissa na Somalia. Watu wa Lodwar ni Waturkana, na sokoni kwao ni Kitale. Mwenye ndege hutazama viti vyake. Kiti kitupu hula mafuta sawasawa na kiti chenye mtu.

Historia nayo ina sehemu yake. Wakati wa ukoloni Wajir ilikuwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na sheria za mwaka 1902 na 1934 ziliifunga nchi ile hata mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Turkana ilifungwa vivyo hivyo. Ndiyo maana serikali ile ilipomtafutia Jomo Kenyatta mahali pa mbali, ilimweka kwanza Lokitaung, na kifungo chake kilipokwisha mwaka 1959 ikamhamishia Lodwar, akakaa huko mpaka mwaka 1961. Mji uliochaguliwa kwa sababu hakuna afikaye haukujengewa njia za kufikia miji mingine. Kila kituo kiliunganishwa na mabwana wa kusini, wala hakikuunganishwa na jirani. Mpaka leo lori litokalo Lodwar kwenda Wajir kwa barabara za kawaida hushuka Kitale, huzunguka kwa Nakuru na Isiolo, na hutembea zaidi ya kilomita elfu moja.

Hata hivyo ndege si kitu kigeni huko. Wajir iliiona mapema, tena kwa ubaya: mwezi wa Juni 1940, siku chache tu baada ya Italia kuingia vitani, ndege za Kiitalia zilikuja kuipiga mabomu. (Wajir hiyo hiyo, isiyo na ziwa wala mto, ndipo maofisa wa Kiingereza walipoanzisha klabu wakaiita klabu ya mashua. Upweke humfanya mtu awe na mzaha.) Tangu mwaka 1957 madaktari warukao wa shirika linaloitwa leo AMREF walianza kupeleka tiba kwa ndege ndogo mahali pasipo na barabara. Na kule Lokichoggio, kaskazini zaidi ya Lodwar, tangu mwaka 1989 na kwa miaka mingi baadaye ndege za misaada zilizokwenda Sudan ya Kusini ziliruka na kutua mchana kutwa. Ilikuwa ajabu: mfuko wa unga uliweza kuruka kutoka Turkana hadi nchi ya kigeni, ilhali Mturkana hakuweza kuruka hadi Marsabit.

Nilipomweleza mama habari hizi alinyamaza kidogo, kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa. "Na kwa basi?"

Hapa nitasema wazi. Wazazi wa Ukambani wenye watoto wanaofanya kazi kaskazini mashariki hawajasahau tarehe 22 Novemba 2014, siku ambayo basi lililotoka Mandera kuja Nairobi lilisimamishwa na watu wa al-Shabaab, wakauawa abiria 28, na kati yao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Wala hawajasahau mwezi wa Desemba mwaka uliofuata, karibu na El Wak, abiria Waislamu walipokataa kutengwa na Wakristo waliokuwa nao ndani ya basi. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi katika tukio hilo akafariki Januari 2016. Mama huyu anaijua habari ya mwalimu huyo vizuri kuliko mimi, na humtaja kama mtu anavyomtaja jamaa yake. Lakini hakutaka mwanawe apande basi, wala mimi sikuthubutu kumshauri vinginevyo. Kwa familia ya namna hiyo kiti cha ndege hakinunuliwi kwa fahari.

Nikafikiri habari ya kukodi. Nilimwuliza mtu mmoja wa Wilson, ambaye kazi yake ni kupanga safari za ndege ndogo, akanijibu kwa upole mwingi. Bei aliyonitajia ilizidi mshahara wangu wa miezi kadhaa, hivyo mazungumzo ya fedha yakaisha upesi. Lakini aliendelea kunifundisha juu ya upepo, nami namshukuru, kwa kuwa jambo hilo sikulijua.

Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya pana nafasi kama mlango mkubwa, na katika mlango huo upepo wa kusini mashariki husongwa ukapata nguvu nyingi. Wataalamu wawili, Kinuthia na Asnani, waliueleza upepo huo katika maandishi yao ya mwaka 1982. Ni upepo huo huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyosimamishwa karibu na Loiyangalani, ambayo ilianza kupeleka umeme katika nyaya za taifa mwaka 2018. Njia ya Lodwar na Wajir hupita papo hapo mlangoni. Chukua ndege ndogo iendayo maili za baharini 170 kwa saa. Pasipo upepo, maili 280 ni saa moja na dakika 39. Tia upepo wa maili 30: akitoka Wajir, rubani husukumwa mgongoni, naye hufika Lodwar kwa saa moja na dakika 24. Akirudi, upepo humpiga usoni, mwendo wake huwa maili 140, na safari ni saa mbili kamili.

Nilidhani faida ya kwenda hulipa hasara ya kurudi. Hasha. Jumlisha mwenyewe: bila upepo, kwenda na kurudi ni saa tatu na dakika 18, na upepo, ni saa tatu na dakika 24. Sababu yake ni kwamba rubani hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaompinga kuliko ndani ya ule unaomsaidia. Kwa hiyo kilomita 520 si kitu kimoja kwa aendaye na kwa arudiye, na rubani hapimi mafuta yake kwa rula. Huyapima kwa saa, akaongeza akiba ya kumfikisha uwanja mwingine iwapo ule aliokusudia umefunikwa na vumbi.

Jumanne jioni tuliketi nyumbani kwa mama, yeye, mimi na kaka yake mkubwa ambaye ndiye mshauri wa jamaa ile. Niliwaeleza hesabu zote. Yule mzee alisikiliza, akachora kwa fimbo katika majivu ya jikoni: Wajir hapa, Nairobi hapa, Lodwar kule, na Kikima pembeni. Kisha akauliza swali ambalo mimi karani, na Pythagoras wangu, sikuwa nimeliuliza. "Kutoka hapa tulipo mpaka Nairobi ni mbali gani?"

Nikasema ni zaidi kidogo ya kilomita mia moja kwa matatu.

"Na kutoka Nairobi mpaka kwa msichana?"

Nikasema ni 510.

"Basi mama yake yu karibu kuliko kaka yake."

Ilikuwa kweli. Kilomita 620 hivi dhidi ya 1,010. Siku moja dhidi ya mbili. Siku nzima nilikuwa nimeukazia macho ule uzi wa kaskazini, kwa sababu mama mwenyewe ndiye aliyeweka mkono wake pale, wala haikunipitia moyoni kwamba mwenye kusafiri aweza kuwa yeye. Alikuwa hajapata kupanda ndege. Umri wake unazidi miaka sitini, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Mombasa kwa gari moshi. Kwanza alikataa, alisema maharagwe yamekauka shambani yanangoja kung'olewa, na kuku je? Kaka yake akamwambia maharagwe yatang'olewa. Mke wangu akachukua kuku.

Nauli ilichangwa usiku ule. Kijana wa Wajir alituma fedha zake zote za safari kwa simu, akaniomba nisimwambie mama kwamba alikuwa amekwisha kufunga mkoba. Alhamisi alfajiri, kungali na ukungu wa Mbooni, nilimpandisha mama matatu ya kwanza pamoja na mpwa wake wa kumfikisha uwanjani, akiwa amejifunga kanga mbili na sweta, ingawa nilimwonya juu ya joto la Lodwar. Alichukua kikapu cha parachichi na chupa ya uji. Uji alinyang'anywa uwanjani na wapekuzi, jambo ambalo hajalisamehe.

Alipiga simu saa tisa alasiri. Sauti yake ilikuwa kubwa, kana kwamba anaita ng'ambo ya bonde. Alisema binti yake ameketi kitandani na amekula parachichi nusu. Alisema ya kuwa kutoka juu mito ya huko ni mchanga mtupu, kama Thwake wakati wa kiangazi, ila ni mipana zaidi, na kwamba karibu na mji kuna mto mmoja wenye mikoma kingoni, nao waitwa Turkwel. Alisema rubani ni kijana mdogo sana. Kisha akaniuliza, "Hapa nilipo, mwanangu wa Wajir yuko upande gani?"

Nikamwambia asimame, aliache jua la alasiri mgongoni, halafu ageuke kidogo mkono wa kulia. Nilimsikia akimwuliza mtu jua liko wapi.

Alikaa Lodwar siku kumi na mbili. Kijana alipata likizo yake mwezi uliofuata, akashuka Nairobi, na dada yake akashuka Nairobi, wakakutana huko katika kituo cha mabasi na kuja Kikima pamoja. Uzi wangu ungali ukutani kati ya zile pini mbili. Juzi mzee mmoja aliyekuja kwa habari ya shamba lake aliniuliza kama ile ni barabara mpya ya serikali, na gharama yake ni kiasi gani.